Umeme Usio na Moshi Nao Una Deni

Kama kutotoa moshi ndio uendelevu wenyewe, basi mkoa wa Kagera ulistahili kuvishwa nishani zamani. Kwa miongo kadhaa taa za Bukoba, Muleba na Missenyi zimewaka kwa umeme ulionunuliwa Uganda, unaoingia kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka na kushukia Kyaka. Na umeme wa Uganda, kwa sehemu kubwa mno, ni wa maji ya Nile: Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na sasa Karuma. Wakati wenzetu wakihubiriwa habari za nishati jadidifu, sisi tulikuwa tunapigia pasi nishati hiyo hiyo, bila kujua kwamba tunafanya jambo la kupigiwa makofi.

Ndiyo maana mkazi wa Buhembe ana haki ya kuwabishia wanaosema, kwenye warsha na kwenye vipindi vya redio, kwamba umeme wa jua, maji na upepo ni safi, na kwa kuwa ni safi hauna la kujadiliwa. Ukiuliza habari za ardhi, bei au mabaki, unaambiwa unachelewesha maendeleo, au umetumwa na watu wa mafuta. Hoja hiyo imeenea kiasi kwamba hata wasomi wetu huimeza bila kuitafuna. Mimi naipinga, na ushahidi wa kwanza siufuati mbali. Uko ziwani.

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, pale pale Nile inapochomoka katika Ziwa Victoria. Kabla ya hapo Uingereza na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba maji yatakayoachiwa yafuate kadiri ambayo mto ungeyapitisha wenyewe kama bwawa lisingekuwapo: ziwa likijaa yaachiwe mengi, likipungua yaachiwe machache. Mwaka 2000 ukaongezwa mtambo wa Kiira, unaokunywa maji yale yale. Kisha ukaja ukame, mahitaji ya umeme Uganda yakawa yamepanda, na maji yakaachiwa kupita kiasi kilichokubaliwa. Kufikia mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Mtaalamu wa haidrolojia, Daniel Kull, alipopiga hesabu zake mwanzoni mwa mwaka huo alionyesha kwamba ukame ulistahili karibu nusu tu ya lawama. Nusu nyingine ilikuwa ya mageti ya Jinja.

Tafakari maana yake kwa watu wa huku. Ziwa ni letu sote, na karibu nusu ya eneo lake liko Tanzania. Linaposhuka, mialo inabaki juu, mitumbwi inakwama kwenye tope, na maji ya kina kifupi ya pembezoni, ambako sato huzalia, yanageuka nchi kavu. Mvuvi wa Kemondo au wa visiwa vya Muleba hakuulizwa kitu. Hakuwa na kiti kwenye meza iliyoamua mageti yafunguliwe kiasi gani, na wengi wa wavuvi wa visiwani hawakuwa hata na balbu ya kuwashwa na umeme huo. Alichangia mtaji wa mradi kwa samaki wake, asipate hisa wala risiti. Ajabu ni kwamba kwa vipimo vya leo, vinavyohesabu hewa ya ukaa tu, umeme wa mageti yale ulikuwa wa kupigiwa mfano.

Najua jibu litakalokuja: hayo ni makosa ya uendeshaji, teknolojia yenyewe haina hatia. Sawa kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Hakuna mtu aliyewahi kuletewa teknolojia yenyewe. Tunaletewa teknolojia pamoja na mkataba wake, mwenye mageti wake, bei yake, mthamini wa mashamba wake na taka zake. Uendelevu wa mradi umo katika hayo. Anayetaka kuupima kwa kuchungulia kama kuna moshi, amepima sehemu moja na kuacha zilizobaki.

Kwa haki ya mabishano, sehemu hiyo moja ni kubwa, na siidharau. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2014, lilikadiria kwamba uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe huzalisha wastani wa gramu 820 za hewa ya ukaa ukihesabu tangu uchimbaji hadi mwisho. Ya paneli za sola za juu ya paa, gramu 41. Ya maji, 24. Ya upepo, 11. Pengo hilo halina mjadala. Mtu anayetumia kasoro za sola kutetea makaa ya mawe hajui hesabu, au anajua na anadanganya. Lakini gramu hizo zinagawanywa kwa dunia nzima, na faida yake vilevile. Hasara ya mradi haigawanywi hivyo. Inatua juu ya kilima kimoja, bonde moja, ukoo mmoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na aliyeko Geneva akifurahia gramu zilizopungua hawezi kuona kaburi la babu lililohamishwa ili nguzo ipite.

Nataja makaburi kwa sababu wasioijua Buhaya huenda wasielewe ugumu wa ardhi yetu. Kibanja ni migomba, kahawa, maharage, miti ya matunda, nyumba, na waliotangulia wamelala humo humo. Mthamini anapokuja huhesabu mashina: mgomba kiasi hiki, mbuni kiasi hiki. Hesabu yake inaweza kuwa ya haki kabisa kwa mujibu wa jedwali na bado ikamwacha mtu akiwa maskini, kwa kuwa kibanja kilichorutubishwa kwa samadi na nyasi kwa vizazi vitatu hakinunuliki kwingine kwa bei ya mashina. Na nje ya kibanja kuna rweya, ile mbuga ya nyasi ambayo mgeni akiitazama kutoka barabarani huona ardhi tupu inayosubiri mwekezaji. Rweya haijawahi kuwa tupu. Huko zilitoka nyasi za kuezekea na za kutandaza chini ya migomba, huko walichungwa ng'ombe walioleta samadi, na huko wanawake wasio na kibanja kwa majina yao walilima misiri yao, yaani vishamba, ya njugu mawe. Leo sehemu kubwa ina misonobari na mikaratusi ya watu wenye uwezo. Kesho mtu atakuja na ramani ya kupanda paneli, na kwenye ramani hiyo patakuwa peupe.

Siyasemi haya kwa kubuni hatari. Kenya imeshayapitia. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, huko Marsabit, una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Ulipozinduliwa mwaka 2019 ulikuwa fahari ya bara zima. Uliwekwa juu ya eka 150,000 za malisho ya wafugaji, ardhi nyingine "tupu". Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha utaratibu. Kule Kinangop, mradi mwingine wa upepo wa megawati 60 ulikufa kabisa mwaka 2016 baada ya wakazi kuukataa na damu kumwagika. Wanaosema maswali ya ardhi yanachelewesha miradi wangefanya vizuri wahesabu miaka iliyopotea pale maswali hayo yalipopuuzwa. Hata kwenye mradi ule wa Turkana, mitambo ilikamilika mwaka 2017 ikasimama zaidi ya mwaka ikisubiri nyaya za kusafirisha umeme, na Wakenya wakatozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia. Fedha hizo hazikupotea kwa sababu ya mfugaji aliyeuliza swali.

Upande mwingine wa hoja uko karibu zaidi nasi, na ni wa kutia moyo. Maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera, kati ya Ngara na Rwanda, yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kwa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Michoro ya awali ilikuwa ya bwawa la kimo kikubwa zaidi, ambalo lingeyafunika mashamba mengi ya mabondeni. Michoro ikabadilishwa, ukajengwa mtambo unaotumia maji ya mto yanavyopita, bila ziwa kubwa la kuhifadhi. Umeme ulipungua kidogo. Familia nyingi zikabaki kwenye ardhi zao. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013 kwa mradi huo mdogo, na dunia haikuanguka. Sisemi Rusumo haina malalamiko. Nasema mradi wa nishati jadidifu unaweza kupunguzwa kimo kwa ajili ya watu na bado ukajengwa, kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba wahandisi hawana chaguo.

Swali ni kama tutafanya hivyo kwa unaofuata. Mto Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji Ziwa Victoria. Juu kuna Rusumo. Murongo, wilayani Kyerwa, kuna mtambo wa megawati 14 tunaoshirikiana na Uganda. Chini zaidi, Missenyi, umepangwa mradi wa Kakono wa megawati 87.8, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Mto huo huo unanywesha mashamba ya miwa ya Kagera Sugar na vinamasi vya mafunjo vinavyochuja tope kabla halijafika ziwani. Mradi mmoja mmoja, ukiutazama peke yake, unaweza kuonekana mpole. Mto hauishi kwa kutazamwa kipande kipande. Mkulima wa bondeni Missenyi anahitaji kuambiwa mitambo yote mitatu pamoja itafanya nini na maji yake ya Agosti, na anahitaji kuambiwa kwa Kiswahili, mapema, kabla ya mkandarasi kuleta kambi.

Wapo watakaosema: acheni mito midogo, Taifa limeshajenga Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, umeme upo hadi unamwagika. Umeme upo, ni kweli. Mwezi Machi 2024 TANESCO ilizima baadhi ya vituo vya maji kwa sababu uzalishaji ulizidi matumizi. Lakini mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza akiwa Kilimanjaro mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa kusafirisha umeme wetu wenyewe kutoka kusini hadi huko kunapoteza fedha nyingi njiani. Sioni aibu katika kununua kwa jirani. Kagera imefanya hivyo muda mrefu na inajua faida yake na adha yake. Ninachokiona ni kwamba bwawa kubwa, lililojengwa ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia tangu mwaka 1982, halikuondoa hitaji la mitambo ya kati iliyo karibu na watu. Ukubwa na uendelevu si ndugu. Hapa Muleba penyewe, orodha za mitambo midogo ya maji nchini zinautaja wa Ndolage, Kamachumu: kilowati 55, mwaka 1961. Ni kadogo mno kwa kipimo cha Rufiji, ila mtambo wa aina hiyo haumhamishi mtu na hauhitaji nyaya za mamia ya kilomita.

Sasa tuje kwenye sola, ambako utetezi ndio mkali zaidi. Jua ni la Mungu, wanasema, na halina mwenyewe. Jua halina mwenyewe, lakini betri ina mwenyewe, na kwa mfumo wa kulipa kidogo kidogo mwenyewe huyo ana rimoti. Nimeona nyumba zinazokaa gizani chini ya paneli inayong'aa juani kwa sababu mwenye nyumba amechelewa kulipa na kampuni imemfungia mtambo kwa simu, kahawa haijauzwa bado. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu. Mkataba unataka kila siku au kila wiki. Aliyeuandika alikuwa anamfikiria mtu wa mshahara. Na anapomaliza kulipa, mara nyingi betri nayo imechoka. Halafu kuna suala la nguvu: taa ya wati tatu inatosha mtoto kusomea, nami naiheshimu kwa hilo, lakini haisagi unga, haichomelei geti, na wala haivuti senene. Yeyote aliyekaa Bukoba mwezi Novemba anajua taa zinazovuta senene ni za aina gani.

Visiwani, ambako gridi haifiki kwa urahisi, mitambo ya sola ya kijiji kizima ilikuja na swali la bei. Kampuni ya Jumeme ilipoanza Ukara mwaka 2016, kisiwa kikapata umeme wa uhakika kuliko miji mingi ya bara, lakini mtumiaji alilipa karibu shilingi 3,500 kwa uniti, wakati mteja mdogo wa TANESCO alikuwa akilipa 100. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei ya vijijini iwe hiyo hiyo ya 100. Wengi walishangilia, nami nawaelewa. Ila agizo halikuja na fedha za kuziba pengo, na wawekezaji wa mitambo ya aina hiyo wakaanza kurudi nyuma. Hapo kuna makosa mawili yanayotazamana: kwanza tulimwachia maskini wa kisiwani alipe mara thelathini na zaidi ya mtu wa mjini kwa jina la nishati safi, kisha tukadhani bei ni kitu cha kupunguzwa kwa tamko. TANESCO yenyewe inabebwa na fedha za umma ili iuze kwa 100. Kama umma unabeba nyaya za bara, ubebe na betri za visiwani.

Betri hizo zinapokufa zinakwenda wapi? Hili ndilo swali ambalo watetezi wa sola hulijibu kwa haraka ya kutiliwa shaka. Kanuni za taka hatarishi na za kielektroniki zipo nchini, lakini ukizunguka Bukoba, Kamachumu au Nshamba utazikuta betri za risasi zilizochoka kwenye kona za karakana, nyuma ya nyumba, au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayezipima kwa kilo. Ana bei kwa sababu risasi ina soko, na njia ya mkato ya kuitoa ni kuipasua betri, kumwaga tindikali na kuyeyusha. Mtu asiyejua madhara yake asome habari za Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Hapo kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwapa watoto sumu ya risasi mwilini. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi ya betri ya gari na risasi ya betri ya sola ni risasi ile ile. Mwili wa mtoto hauulizi ilikuwa ikiwasha nini. Dawa inajulikana: kila anayeingiza betri nchini atoze amana mwanzoni, arudishe amana hiyo betri inaporudi, na asiye na mahali pa kuipokea Bukoba asiuze Bukoba.

Na kabla betri haijawa betri, ilikuwa jiwe. Hapa Kagera inaingia kwenye ramani ya dunia kwa mlango wa Ngara. Nikeli ya Kabanga imejulikana tangu miaka ya 1970 na inatajwa miongoni mwa hazina kubwa za aina yake ambazo hazijachimbwa. Mwaka 2021 Serikali ilisaini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, nchi ikiwa na asilimia 16, na safari hii jina la mgodi likapambwa: madini ya magari ya umeme, madini ya kuokoa tabianchi. Kampuni kubwa ya madini, BHP, ikaja na fedha zake. Indonesia ikafurika nikeli sokoni, bei ikashuka, na mwaka 2025 BHP ikaondoka. Kampuni kubwa ina uwezo wa kungoja au kuondoka. Mwananchi aliyeko ndani ya eneo la mgodi hana. Shamba likishathaminiwa, hupandi tena kahawa wala hujengi, kwa kuwa kitakachoongezwa hakitalipwa. Kanuni zetu zinataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa iwe na riba. Miezi sita kwa mwenye watoto wa shule na paa linalovuja ni mirefu, na miaka ni zaidi. Gari litakalotembea Oslo bila moshi limeegeshwa, kwa maana hiyo, juu ya maisha ya mtu wa Ngara aliyeambiwa asubiri.

Wenye bomba la mafuta watafurahia kusoma aya hiyo, kwa hiyo niwakatishe furaha. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linapita Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, na watu wake wamepitia habari hiyo hiyo ya kuthaminiwa na kungoja. Mwishowe watabaki na mafuta yanayopita chini ya udongo wao kwenda kuchomwa kwingine. Vituo vya kusukuma mafuta hayo upande wa Uganda vimepangwa kutumia umeme wa gridi, yaani wa maji. Umeme safi unasukuma mafuta machafu, na hakuna anayeona haya. Huo ni ushahidi mwingine kwamba kuuliza umeme umetoka wapi bila kuuliza unakwenda kufanya nini ni nusu ya hesabu.

Nimalizie jikoni, mahali ambapo nishati nyingi ya Mtanzania hutumika kweli. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na taasisi kubwa zikaamriwa kuacha kuni na mkaa. Lengo ni jema. Takwimu ambazo Serikali huzitaja ni za vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa jikoni, na hakuna mama anayeufurahia moshi huo. Lakini tazama kinachogawiwa kwenye mikutano: mitungi ya gesi. Gesi hiyo ni mazao ya petroli, inakuja kwa meli hadi pwani, kisha inapanda lori zaidi ya kilomita 1,300 hadi Bukoba. Mtungi wa kwanza ni zawadi. Wa pili unanunuliwa, na mingi hugeuka kigoda. Wakati huo huo Buhaya, nchi ya ng'ombe wa ndani na migomba inayolilia samadi, ina teknolojia inayoikaa kama kanzu ya mwenyewe: biogesi. Kinyesi kinaingia mtamboni, gesi inakwenda jikoni, tope linarudi kwenye kibanja. CAMARTEC, kituo cha teknolojia vijijini cha Arusha, kiliongoza mpango wa kitaifa wa mitambo hiyo kuanzia mwaka 2009. Baadhi ilikufa kwa kukosa ng'ombe wawili wa kuilisha, maji, au fundi wa kuziba ufa, mambo ambayo yanarekebishika kwa sehemu ndogo ya fedha zinazotumika kwenye mitungi. Haizungumzwi sana kwa sababu haina mwagizaji wa kufadhili fulana na mabango.

Vivyo hivyo kuni. Mwenye mikaratusi yake pembeni ya shamba, anayekata na kuacha kisiki kichipue, anatumia nishati inayojirudia kuliko mwenye mtungi, na akipata jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje, atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya madhara. Tumemwita mchafu na tumemwita mwenzake msafi bila kupima.

Kwa hiyo, msomaji wa Bukoba na Muleba, wakija na mradi wa jua, maji au upepo, wapokeeni, kwa kuwa tunauhitaji. Kisha waulizeni mageti yatakuwa mikononi mwa nani, uniti itauzwa shilingi ngapi na nani atabeba pengo, fidia italipwa lini na kwa kipimo gani, rweya wanayoitaka ilikuwa inamlisha nani, na betri zikifa zitapokelewa wapi. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Maswali hayo yaulizwe hapo, majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na mradi usio na majibu usipewe ardhi.